Kimea Kilichoota Kifuani

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikufikia likiwa limefungia vitumbua, usihuzunike. Mafuta hayakuficha mengi. Mambo yalifika hapa.

Fransiska, fundi cherehani wa Sumbawanga mjini, mwenye miaka arobaini na tisa, alikatwa titi la kushoto kule Mbeya miaka miwili iliyopita. Saratani ilitolewa, uhai ukabaki. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano, akarudi kwa mumewe Adolfu, mkulima wa mahindi na ulezi mwenye shamba lake Mpui.

Miezi mitano baadaye akamwambia Adolfu kwamba daktari amekataza mambo ya chumbani mpaka atakapotoa ruhusa mwenyewe.

Daktari hakukataza kitu. Daktari wa watu hata hakuulizwa.

Tangu siku hiyo Fransiska analala chumba cha binti yao Sharon, anayesoma Dodoma, na Adolfu analala chumba kikubwa na blanketi mbili. Baridi ya Ufipa mnaijua wenyewe. Haina huruma na mtu mmoja kwenye kitanda cha watu wawili.

Pengo la kifuani Fransiska alilijaza kwa ufundi wake. Alishona kifuko cha flaneli, cha mviringo, akakijaza ulezi. Ulezi una uzito wa nyama, unatulia unapouweka, na katika nyumba ya Mfipa haukosekani. Watu wakaona gauni limekaa sawa pande zote mbili, wakasema hospitali za siku hizi zinajua kazi. Adolfu naye akaamini hivyo hivyo.

Sasa mwezi wa tatu, mvua ikamnyeshea akitoka sokoni. Hakuvua. Siku tatu ulezi ule ukakaa na unyevu na joto la mwili, na ulezi haujali uko ghalani au kifuani. Ukaota, ukawa kimea kama cha kupikia pombe. Vijichipukizi vyeupe vikachungulia kwenye flaneli.

Ijumaa jioni akakianika kifuko nyuma ya kihenge cha mahindi. Jumamosi asubuhi hakipo. Hapo ndipo tulipomwacha, mikono kichwani, anatafuta titi lake uani.

Alimkuta Adolfu amekaa kwenye kigoda, ananoa jembe na kupiga mluzi. Mluzi huo Fransiska hakuwa ameusikia tangu safari ya Mbeya. Akaanza kwa mbali. Akauliza kama kuku waliingia uani. Akauliza kama upepo wa usiku ulikuwa mkali. Adolfu akacheka, akasema kama anatafuta kile kifuko cha kimea, asihangaike, amekwisha kukipeleka kwa dada yake Bertilla kabla jua halijatoka.

Fransiska akajishika kifua, upande ule mtupu.

Ili uelewe kwa nini, lazima ujue kwamba Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka wawili hawa walikuwa watimize miaka ishirini na mitano ya ndoa. Yubilei. Wangesimama mbele ya padri na kurudia ahadi zao, halafu watu wanywe pombe ya ulezi. Bertilla ndiye mpishi wa pombe. Na katika ukoo wa akina Adolfu kuna desturi yao: mke mwenye yubilei hutoa kimea alichokiotesha kwa mkono wake, kinachanganywa na cha wengine. Asipokitoa, amesema hataki kurudia ahadi, na hakuna atakayemuuliza mara mbili.

Wiki tano Bertilla alikuwa akidai kimea hicho. Wiki tano Fransiska alikuwa na sababu. Mara cherehani, mara kichwa, mara mvua. Angerudiaje ahadi za ndoa mbele ya kanisa zima, mwanamke asiyejua hata shuka za kitanda cha mumewe zina rangi gani siku hizi?

Na sasa kifuko cha ulezi ulioota kilikuwa kimeonekana kinaning'inia uani, kinanukia kimea kabisa.

“Nilijua hujakataa, Mama Sharon,” Adolfu alisema bila kuinua macho kwenye jembe. “Dada alisema umekataa. Nikamwambia huyo namjua mimi, hana haraka, anangoja kiote vizuri.”

Mngekuwa nyinyi mngesema nini? Kwamba hapana, mume wangu, hicho ulichopeleka ni kifua changu? Fransiska alisema asante. Kisha akaingia ndani, akajifunga kitenge mara mbili kifuani, akatoka kutafuta bodaboda.

Njiani walisimamishwa na ng'ombe wa Wasukuma waliokuwa wakivuka barabara kwa mwendo wa maaskofu. Kijana wa bodaboda akatania kwamba mama ana haraka kama anayefuata mume kwa mchepuko. Fransiska hakucheka. Alikuwa anawaza kama kimea kingali ndani ya kifuko, angekiomba kwa kisingizio chochote, hata cha kichawi.

Hakikuwa ndani. Bertilla alikuwa amekimwaga kwenye turubai pamoja na cha wengine, na kimekwenda mashineni, kimerudi unga. Pipa lilikuwa jikoni linaanza kupumua. Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mjane wa miaka sitini, mnene, mwenye ulimi unaoweza kuchuna mbuzi. Mkononi alikuwa na kifuko kitupu, amekigeuza ndani nje.

Fransiska akaamkia. Bertilla akaitikia marahaba, akanyamaza, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kutisha.

“Wifi,” akasema hatimaye, “mimi nimepika pombe tangu sijaota meno ya magego. Nimeona kimea kwenye gunia, kwenye kapu, kwenye foronya. Sijaona mfuko wa kimea ulioshonewa kifungo cha shati katikati.”

Ndiyo. Fransiska ni fundi, na fundi hafanyi kazi nusu. Alikuwa ameshona kifungo kidogo mahali pake, kichomoze kidogo chini ya blauzi kama chuchu ya titi la pili.

Bertilla alikileta kile kifuko kwenye kifua chake mwenyewe, kama mtu anayepima nguo ya mtumba. Kikakaa. Alitaka kucheka, mdomo ulikwisha kufunguka. Kisha kicheko kikamfia mdomoni, akavuta kigoda, akamkalisha wifi yake kwa kumsukuma bega.

Mtu wa mwisho duniani ambaye Fransiska angemchagua kumweleza siri ni Bertilla. Lakini siri haichagui, hutokea mlango ulio wazi. Akasema yote, pale karibu na pipa, hata lile ambalo nyinyi wasomaji mmefichwa wiki zote hizi.

Alisema kwamba daktari hakukataza. Kwamba miezi mitano baada ya upasuaji walijaribu, Jumapili mchana, mvua inanyesha, yeye kavaa sweta mpaka shingoni. Adolfu alikwenda polepole kama anayebeba mayai. Na bado iliuma. Iliuma kama gunzi kavu. Zile dripu za dawa ya saratani alizotundikiwa Mbeya zilikuwa zimekata hedhi yake ghafla, na mwili wote ulikuwa umekauka kama mto wa kiangazi, akauma meno, machozi yakamtoka. Adolfu akayaona machozi. Akayafuta kwa kidole gumba, akasema na yeye alikuwa amemkumbuka sana.

Alidhani ni machozi ya furaha.

“Ningemwambiaje baada ya hapo?” Fransiska aliuliza. Kesho yake ndipo alipomzua daktari. Daktari hana uso, hachukiwi, wala haulizwi kwa nini.

Bertilla alisikiliza huku akikunja na kukunjua kifuko. Akasema yeye miaka miwili hii alijua wifi yake amepata dharau tangu arudi kutoka hospitali kubwa. Kisha, kwa vile leo ilikuwa siku ya kutapika, naye akatapika lake: alikuwa amemwambia kaka yake atafute wa kumpikia kule Mpui. Kuna mjane mmoja pale, jirani ya shamba, mtu mwema, hana makelele.

“Akasemaje?”

“Hakusema. Aliomba maji ya kunywa.”

Maji ya kunywa ni jibu gani? Fransiska alikaa nalo kifuani, upande uleule uliokuwa mtupu.

Bertilla akamwuliza kama alikwisha kumweleza nesi. Fransiska akasema nesi hupima uzito na presha. Bertilla akamwambia, kwa kuwa Jumatatu ni siku yake ya kliniki, basi siku hiyo afungue mdomo, maana hata ng'ombe akiumwa husogea kwenye boma la mwenye dawa. Kuhusu pombe akasema imekwisha kuwa pombe, haitenganishwi, wageni watanyonya kwa mirija yao na hawatajua. Hapo walicheka wote wawili, kicheko kifupi, cha kuibia. Akaapa kwa Bikira Maria kwamba mdomo wake umefungwa.

Kumwambia Bertilla afunge mdomo ni kuziba pipa la pombe kwa karatasi. Lakini tusitangulie.

Jumapili ilipita. Kanisani Adolfu alikaa upande wa wanaume akiwa na shati lililopigwa pasi na yeye mwenyewe, mkunjo mmoja umekwenda njia yake. Mara mbili aligeuka kumtazama. Fransiska alikuwa amejaza soksi za Sharon upande wa kushoto, nyepesi, zinapanda juu kila akiinama. Alitazama altare. Watu mia nne wanaimba, na yeye hakuwahi kuwa peke yake namna ile.

Jumatatu kliniki. Nesi Rhoda alimpima uzito, akaandika. Akampima presha, akaandika. Akauliza kama kuna tatizo jingine, huku mkono ukinyoosha kuchukua kadi ya anayefuata.

“Lipo,” Fransiska alisema. “Ni la chumbani.”

Kalamu ya nesi ikasimama. Akaenda kufunga mlango.

Yaliyosemwa mle ndani yalichukua nusu saa, na foleni huko nje ilinung'unika. Nesi alisema ukavu ule haukuwa uchawi wala adhabu. Hedhi ikikatwa na matibabu, na vidonge vile vikiendelea, mwili hukauka, moto hupanda usoni, hamu nayo hujificha. Akasema wengi wanapata hivyo na wengi wananyamaza. Kwamba vipo vilainishi vya majimaji vya kupaka, duka la dawa wanavyo, havina homoni. Asiguse krimu zenye homoni mpaka daktari wake wa Mbeya aseme. Asiingize majani ya mtu yeyote, hata akiitwa mtaalamu. Vidonge asiache. Wasianze na lile la mwisho, waanze na kushikana mikono, na ikiuma waseme inauma, wapumzike. Na saratani, akasema, haiambukizwi kitandani wala hairudi kwa sababu ya mume.

“Mbona hukuuliza siku zote hizi, mama?”

“Mmenipima uzito mara kumi na moja,” Fransiska alijibu. “Na nyinyi hamkuniuliza.”

Nesi Rhoda alikubali kwa kichwa. Kisha akasema kitu kama mtu anayejisemea. Kwamba wanawake hawaulizi, lakini mwaka jana wakati wa mavuno alikuja mwanamume. Aliegemeza jembe lake hapo mlangoni. Hakutaja jina lake wala la mkewe. Alitaka kujua jambo moja tu: mtu aliyekatwa titi amekatazwa kwa muda gani.

Fransiska alihisi moto ukipanda usoni, na safari hii haukuwa wa vidonge.

“Ukamwambiaje?”

“Ukweli. Kwamba hakuna aliyekataza. Alishukuru vizuri, akachukua jembe, akasahau kofia. Sikujua nimtafute wapi.”

Akafungua droo. Chini ya makadi ya zamani kulikuwa na kofia ya kitambaa cha kaki, mshono maradufu, bitana ya bluu. Fransiska hakuhitaji kuishika. Mshono ule ulikuwa wa cherehani yake. Adolfu alikuwa amemwambia kofia imechukuliwa na upepo shambani, na yeye akamwambia Mpui siku hizi upepo umezidi.

Karibu mwaka mzima mwanamume yule alikuwa anajua.

Mwaka mzima aliuliza kila mwezi, kwa adabu, daktari amesemaje, na yeye akajibu bado. Na kila mara Adolfu alisema basi tungoje. Alikuwa anangoja nini?

Fransiska alirudi nyumbani karibu anakimbia, kofia na chupa ndogo ya duka la dawa vikiwa kwenye pochi. Alikuwa amepanga maneno. Sentensi ya kwanza alikuwa nayo, ya pili angeipata njiani.

Nyumba ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa mahali pake, chini ya ndoo. Juu ya meza ya cherehani palikuwa na kile kifuko.

Kilikuwa kimefuliwa, kimekauka, kimejazwa ulezi mpya, mkavu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa sindano ya magunia na uzi wa katani, mishono mikubwa iliyopinda, kama gunia la mahindi linalokwenda Mbozi. Kifungo kilikuwa kimekazwa tena, pembeni kidogo ya mahali pake. Alikipima mkononi. Uzito ulikuwa uleule. Mtu aliyekibeba mara moja tu, alfajiri, mpaka kwa dada yake, alikuwa ameukumbuka.

Simu ikalia. Bertilla.

Alianza na pole, akaenda kwa Bikira Maria, akarudi kwenye pole. Mwishowe akasema. Jana baada ya misa kaka yake alikuwa na furaha mno, anasifia kimea mbele za watu, yeye Bertilla akashindwa kumtazama. Akamvuta kando. Akamwambia kile hakikuwa kimea cha yubilei, akamwambia kilikuwa nini, akampa kifuko. La daktari hakuligusa, aliapa tena.

“Alisemaje, wifi?”

“Alisema kama kile hakikuwa kimea, basi hukukubali. Akasema, ‘Ni mimi tu niliyejikubalia.’ Asubuhi hii amekwenda parokiani kufuta majina.”

Majina ya yubilei yalikuwa yasomwe Jumapili ile inayokuja.

Ofisi ya parokia ipo nyuma ya kanisa, ina dirisha moja na msururu wa mawe ya kukalia. Fransiska alishuka kwenye bodaboda mchana kweupe, watoto wa kwaya wanapita, mafundi wanashusha saruji. Adolfu alikuwa amekaa kwenye jiwe la mwisho, kichwa wazi, mikono katikati ya magoti.

“Umefuta?” Fransiska aliuliza.

Adolfu akaonyesha dirisha kwa kidevu. Alisema katekista Romani amekataa. Kamwambia jina la mke halifutwi na mume, aje mwenye jina. Ndiyo amekaa hapo, anafikiri atamwambiaje mwenye jina.

Fransiska akakaa kwenye jiwe jingine, wakaacha moja katikati. Ile sentensi ya kwanza ilikuwa imepotea njiani, pamoja na ya pili. Akafungua pochi. Akatoa kofia, akaiweka juu ya goti la mumewe.

Adolfu aliigeuza. Akapitisha kidole kwenye mshono, polepole, mpaka ukarudi ulipoanzia.

“Upepo wa Mpui,” akasema, “unafika mbali.”

Hakucheka. Fransiska alitaka kusema mimi ndiye niliyeanza kudanganya. Akauliza tu kwa nini, mwaka mzima, kwa nini hakusema.

“Ningesema, ungelazimika kunijibu,” Adolfu alisema. “Niliogopa jibu.” Akaivaa kofia, akaivua. “Daktari hakukataza. Padri hakukataza. Mimi nimejichunguza mpaka pumzi yangu, kama inanuka. Basi niambie, Mama Sharon. Aliyekataza ni nani?”

Fransiska alisogea kwenye lile jiwe la katikati. Leo hakuwa ameweka soksi, wala kifuko, alikuwa ametoka nyumbani kwa mbio akiwa na kitenge tu na sweta. Akaushika mkono wa kulia wa mumewe, mkono wa jembe, mgumu kama gome. Akauinua. Akauweka kifuani, upande wa kushoto, kwenye ubapa ambao hakuna mtu aliyeugusa tangu uzi wa Mbeya utolewe.

Mbele ya ofisi ya parokia. Saa sita mchana. Mtoto mmoja wa kwaya akasahau njia, akajigonga kwenye toroli.

Mkono haukuondoka. Wala haukusogea. Ulikaa pale, mzito, na Fransiska, aliyekaa na mwanamume huyu miaka ishirini na mitano, hakuweza kujua kama ni mkono wa mtu aliyefika nyumbani au wa mtu aliyegusa kitu na anaona aibu kukiachia. Akamtazama usoni. Adolfu alikuwa amefumba macho.

Dirisha likafunguliwa. Katekista Romani akatoa kichwa, miwani kwenye paji la uso, daftari mkono mmoja, kalamu mkono wa pili.

“Enyi wa yubilei,” akasema. “Tunafuta au tunaacha?”